Tuliotoka kwenye vikundi vikali vya dini, hofu iliwaisha lini? Tupeane uzoefu

MLETA MADA: Habari za jioni wakuu. Nina miaka 6 tangu nitoke kwenye kikundi chetu cha maombi. Kuondoka kulichukua usiku mmoja tu, hofu ninayo mpaka leo. Kule hospitali ilikuwa dhambi, redio dhambi, kula kwa ndugu wasio wetu dhambi. Mgonjwa akifa tunaambiwa imani yake ilikuwa ndogo.

Mwaka jana mwanangu alishikwa na malaria. Nikiwa dirishani nimeshika dawa ya mseto, nikamsikia mchungaji kabisa, kama yuko mgongoni kwangu: "Umemrudisha mtoto Misri," yaani kwenye dhambi tulikotoka. Miguu ikaisha nguvu, nikakaa chini. Dada wa dawa akatoka, akakaa karibu yangu, akanihesabia vidonge kiganjani: viwili asubuhi, viwili jioni, siku tatu. Mtoto alipona. Mimi wiki nzima nilikuwa nasubiri adhabu.

Mwaka 2023 miili ya waumini ilipofukuliwa Shakahola, kule Kilifi, Kenya, ikapita 400, kila mtu kazini aliuliza watu wanakubalije kufunga mpaka kufa. Mimi nilinyamaza. Sisi tulianzia kwenye redio tu.

Wenzangu mlifanyaje?

MCHANGIAJI WA KWANZA: Pole sana mkuu. Mimi hofu yangu ni unyakuo, kwamba Yesu atawachukua walio wake mimi nibaki. Nikirudi nyumbani nikute sufuria iko jikoni na mtu hayupo, najua tayari, nimeachwa. Nampigia dada mpaka apokee. Nina miaka 41.

WA PILI: Daftari ndilo lilinisaidia. Kushoto naandika maneno ya kule, kulia naandika nani aliyasema na alikuwa anapata nini kwangu. "Ukitoka hufikishi mwaka" aliyasema aliyekuwa anapokea fungu langu la kumi. Nilitoka 2014.

WA TATU: Mungu sijamwacha, nasali kwingine. Ila nikiitwa "mpendwa", kama tulivyoitana kule, mwili unasisimka. Na yule shangazi niliyekataa kula kwake miaka 8, nilipopiga hodi alisema tu, karibu mwanangu, chakula kipo. Nililia mkono ukiwa kwenye sahani.

MLETA MADA: Asanteni sana. Kuna aliyewahi kumwona mshauri?

WA PILI: Mimi, kitengo cha afya ya akili, hospitali ya mkoa. Mara mbili za kwanza nilisema nina shida ya usingizi. Ya tatu ndiyo nikasema ukweli. Nenda mkuu, hakuna atakayekucheka.