Nina baba watatu, mgeni wangu akadhani mlima umenipiga. Naombeni ufafanuzi

Mgumu_wa_Marangu
Wakuu habari za jioni. Mi napandisha wageni mlimani njia ya Marangu, na msimu ukipoa nasoma diploma ya utalii hapa Moshi mjini, sasa kuna somo la utangulizi wa antropolojia (elimu ya watu na jamii zao) nilikua naliona la kupitisha muda tu mpaka juzi.

Iko hivi. Tumelala kambi ya Horombo, usiku kwenye msosi mama mmoja mgeni wangu wa Marekani akaniuliza baba yako anafanya kazi gani, nikamjibu baba alifariki 2011, akanipa pole yakaisha. Asubuhi simu ikaita nikaongea pembeni, nikarudi nikamwambia samahani alikua baba anauliza kama nimefika salama. Aisee alivyonitazama! Akawa ananisemesha taratibu kama mgonjwa, baadae nasikia kamfata mwenzangu kumuuliza huyu kijana anakunywa maji ya kutosha kweli.

Nikaeleza, yule ni baba mdogo, mdogo wake marehemu. Akasema aah, kumbe ni anko. Nikamwambia hapana mama, anko ni mjomba, yule ni baba. Na baba mkubwa yupo pia, yuko Himo. Tumebishana hilo mpaka tumeshuka kambi ya Mandara.

Sasa swali langu, kwanini mdogo wake baba ni baba ila kaka yake mama sio baba, ana jina lake? Na mtoto wa baba mdogo ni dada yangu kabisa, wa shangazi ni binamu, wakati damu ni ile ile ukipiga hesabu. Mwalimu alianza kumtaja mtu anaitwa Morgan alafu umeme ukakata tukaenda nyumbani.

Kahawa_Chungu
Hahaha pole mangi. Lewis Henry Morgan, alizaliwa 1818, mwanasheria wa kule Rochester, New York. Alikua karibu sana na Waseneca, moja ya mataifa ya Wairoquois, wenyeji wa asili wa maeneo yale, akagundua kitu kilichomnyima usingizi: kwao baba na kaka yake baba wanaitwa jina moja, mama na dada yake mama jina moja, ila kaka wa mama ana jina lake na dada wa baba ana lake. Hebu soma tena taratibu. Baba mkubwa, mama mdogo, mjomba, shangazi. Si ndio hiyo hiyo?

Jamaa akadhani ni ajabu ya kwao peke yao, akaanza kutuma madodoso kwa wamisionari na maofisa sehemu mbalimbali duniani, majibu yanarudi anakuta hadi Watamil wa India kusini wanahesabu karibu hivyo hivyo. Akatoa kitabu kikubwa 1871. Baadae 1949 mwanaantropolojia mwingine, Murdock, akapanga mifumo ya majina ya ndugu kwenye mafungu sita, huu wetu ndio unaitwa wa Kiiroquois, na ule wa mgeni wako, wa baba mmoja tu na waliobaki wote ni anko, unaitwa wa Kieskimo. Kwaiyo mama wa watu kwenye hesabu za undugu yuko fungu moja na watu wa kwenye barafu, mwambie akirudi.

Sababu ni ukoo. Baba na wadogo zake ni ukoo mmoja, vihamba vyao (mashamba ya ukoo ya sisi Wachagga) vimepakana, baba akiondoka anayesimama ni baba mdogo. Mjomba anatoka ukoo mwingine, kwake unaenda kama mgeni wa heshima. Damu ni mambo ya daktari, undugu ni watu wamekubaliana nani asimame wapi. Ila huyo Morgan usimmeze mzima mzima. 1877 akaandika kwamba jamii zote zinapanda ngazi moja, kutoka ushenzi kwenda ustaarabu, na unajua mwenyewe juu ya ngazi alimuweka nani. Wanaantropolojia kina Franz Boas ndio walikuja kuivunja hiyo ngazi, wakasema kila jamii isomwe kwa historia yake.

Mluguru_wa_Njiro
Kahawa_Chungu umeeleza vizuri ila hapo kwenye sababu umeteleza mkuu. Sisi Waluguru ukoo ni wa kukeni, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na bado mdogo wake baba ni baba. Na hao Wairoquois wako wenyewe ukoo wao ni wa kukeni! Kwaiyo haiwezi kua ni kihamba. Kinachofanana kote ni kwamba ndugu wa jinsia moja wanahesabiwa kama mtu mmoja, baba na kaka yake ni kitu kimoja, mama na dada yake kitu kimoja, anayevuka jinsia ndio anapewa jina lake. Ukoo unaelekea upande gani ni habari nyingine.

Ila hio habari nyingine ndio inabadilisha maisha. Kwetu mjomba sio wa kukupa hela ya soda, mjomba ndio mwenye sauti. Mwanaantropolojia Malinowski aliyakuta hayo visiwa vya Trobriand huko Papua, alikaa huko vipindi viwili kati ya 1915 na 1918, akajifunza lugha yao na kuhamia kijijini, ndio maana wanamtaja kila mkigusa utafiti wa kuishi na watu. Kule baba ni rafiki wa mtoto, anambeba anacheza nae, ila wa kuamrisha na kurithisha ni mjomba. Na mwanaume akivuna viazi vikuu, fungu kubwa na zuri linaenda kwa dada yake aliyeolewa, yeye nae anaangalia mashemeji zake watamletea nini. Mchagga akisikia hivyo si anapata presha.

Kahawa_Chungu
Nimekubali, kwenye kihamba nimeteleza. Nilikua nachungulia dunia kutokea Kibosho.

Monduli_Juu
Nyie mnahesabu baba watatu mnaona wengi? Kwetu Wamasai rika zima la baba ni baba zako, hata huyo hujawahi kumuona, na mwanaume hawezi kuoa binti wa mwanarika mwenzake maana ni binti yake.

Bint_Pangani
Kuhusu binamu naomba niseme maana hili neno lina vituko. Limetoka Kiarabu, bin na ami, yaani mtoto wa kaka yake baba. Huko kwa Waarabu huyo ndio chaguo la kwanza la kuoana. Limefika bara likageuka, huku kwenu binamu ni mtoto wa mjomba au shangazi, na yule wa kaka yake baba, ambae ndio binamu mwenyewe kwa asili ya neno, mmemfanya dada hata kumtania hamuwezi. Sie kwetu pwani tunasema binamu nyama ya hamu. Nilivyohamia Arusha nikasema hivyo mbele ya mama mmoja wa Kichagga jirani yangu, aliweka kikombe chini, hakuendelea na chai.

Ndio ujue neno linaweza kusafiri bila sheria zake.

Mpare_Halisi
Kaka muulizaji usidanganyike na vitabu. Mchagga kua na baba watatu maana yake ni kurithi mara tatu.

Mgumu_wa_Marangu
Mtani nenda kwanza kauze ng'ombe wako, ile kesi yako ya kuku inasikilizwa jumatatu.

Kahawa_Chungu
Na nyie wawili, Mchagga na Mpare watani, mko kwenye silabasi. Mwanaantropolojia Radcliffe-Brown aliandika kuhusu utani 1940, kwamba watu wenye sababu ya kukaribiana na sababu ya kugombana wanapewa ruhusa ya kutukanana ili wasigombane. Ndani ya ukoo ni hivyo hivyo, babu anamwita mjukuu mchumba wangu, wakati baba na mwanae hapo kati wanakaa kwa adabu.

Mgumu_wa_Marangu
Asanteni sana wakuu, dada Pangani hio ya kikombe nimecheka peke yangu kwenye daladala. Mwalimu katupa kazi ya kuchora ukoo, pembetatu ni mwanaume, duara ni mwanamke, alama ya sawasawa ni ndoa. Nimeanza jana kwa babu, babu alioa wake wawili, karatasi imeisha hata sijafika kwangu, nimeunganisha nyingine na gundi. Na nimekwama kwa jirani yetu ambae tunamwita baba mdogo toka tunazaliwa, leo namuuliza mama tunahusiana vipi nae mama ananiambia hatuhusiani, ila mchore.

Ngoja nipokee simu, baba anapiga. Yule wa Himo.