Karakana ya samani Keko: tukate bima zipi, na kwa kiasi gani?

BintiSeremala aliandika:

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi na kaka yangu tunaendesha karakana ya samani Keko, Dar es Salaam, tuliyoachiwa na baba. Mbele kuna fremu ya kuonyeshea makochi na vitanda, nyuma kuna mashine ya randa, msumeno wa meza na kompresa ya kupulizia vanishi, na pembeni tuna stoo ya mbao, sponji na vitambaa. Jengo ni la kupanga. Tuna vijana wanne wa mshahara wa mwezi, na wengine huitwa kazi inapozidi, wakalipwa kwa kazi.

Mwaka huu tumechukua mkopo benki ili tununue mbao za mninga kwa wingi, na kwenye makato ya mkopo kuna fungu lililoandikwa "bima". Kaka anasema hiyo inatosha. Wakati huohuo wakala mmoja ametuletea makadirio ya bima ya moto na wizi ambayo ada yake inavutia kwelikweli, ila fomu aliyotujazia inasema sisi ni "duka la samani" na kwamba mali yetu ina thamani ya shilingi milioni 30. Ukijumlisha mashine, mbao, samani zilizokamilika na makochi ya wateja yaliyoletwa kubadilishwa vitambaa, hatupungui milioni 60. Nilipomuuliza, akasema kuandika kiasi kikubwa ni kupandisha ada bure, kwa kuwa moto hauwezi kuteketeza kila kitu kwa mara moja.

Naomba kufahamishwa mambo mawili. Je, hiyo bima ya kwenye mkopo inailinda karakana yenyewe? Na kama fedha yetu inatosha bima mbili au tatu tu, tuanze na zipi?

Mtathmini Mstaafu alijibu:

Dada, usitie saini fomu hiyo kama ilivyo. Hata kama wakala ndiye aliyeijaza, saini ni yako, na siku ya kudai fidia ndiyo itakayosomwa.

Nianze na hilo neno "duka". Kampuni ya bima hupanga ada ya moto kwa kuangalia shughuli inayofanyika ndani ya jengo, si kwa kuangalia kinachouzwa mlangoni. Duka linalopokea samani zilizokwisha kutengenezwa ni jambo moja. Mahali penye vumbi la mbao, randa zinazozunguka, gundi, tina na vanishi inayopulizwa hewani ni jambo jingine kabisa, na ndiyo maana ada ya karakana huwa juu. Mkataba wa bima hujengwa juu ya ukweli kamili kutoka kwa mwenye mali, kwa hiyo mtathmini wa hasara akifika baada ya moto akakuta kompresa na madebe ya tina mahali ambapo hati inasema kuna duka, kampuni inapata sababu ya kukataa dai lote, hata kama moto ulianzia kwa jirani. Andikeni "karakana ya kutengeneza na kuuza samani", tajeni upuliziaji wa vanishi, semeni tina inahifadhiwa wapi na kwa kiasi gani, na kama mna mitungi ya kuzimia moto iliyokaguliwa, itajeni pia, kwa sababu hiyo ni hoja ya kuombea nafuu ya ada.

Kuhusu milioni 30, hoja ya wakala haina msingi. Hati nyingi za bima ya moto zina kifungu cha uwiano, ambacho kinasema kwamba mtu aliyekata bima pungufu ya thamani halisi ya mali yake atahesabiwa kuwa mbia wa hasara kwa kiasi alichopunguza. Chukua mfano wenu wenyewe: mali ni ya milioni 60, mmeikatia bima ya milioni 30, kisha moto unaunguza stoo na kuleta hasara ya milioni 20. Utadhani kwa kuwa 20 ni ndogo kuliko 30 mtalipwa yote. Hapana. Mmekata bima ya nusu ya mali, kwa hiyo mtalipwa nusu ya hasara, yaani milioni 10, na hapo bado haijaondolewa ile sehemu ambayo mwenye mali hujibebea mwenyewe katika kila dai. Moto mdogo, ambao ndio hutokea mara nyingi, ndio unaowaumiza zaidi waliopunguza kiasi.

Someni vilevile kile ambacho hati ya kawaida ya moto haifidii. Kwa msingi wake hulinda dhidi ya moto, radi na aina fulani za mlipuko. Mafuriko, dhoruba, ghasia, kupasuka kwa mabomba na gari kugonga jengo ni nyongeza zinazoombwa na kulipiwa. Anayeishi Dar es Salaam hahitaji kukumbushwa mvua za Desemba 2011 au Aprili 2018. Kama maji huingia mtaani kwenu, nyongeza ya mafuriko si anasa. Jambo jingine linalowashangaza mafundi ni kwamba mota ikiungua yenyewe kwa hitilafu ya umeme, kwa kawaida mota hiyo hailipwi chini ya bima ya moto. Kinacholipwa ni mali nyingine iliyoungua kwa sababu moto ulisambaa kutoka kwenye mota.

Bima ya wizi nayo hudai kuwe na dalili za kuvunja na kuingia kwa nguvu. Kitasa kilichong'olewa ni dalili. Ubao uliopungua stoo bila mtu kujua ulipokwenda si dalili.

Karani wa Temeke alijibu:

Naongeza upande wa wafanyakazi, ambao katika maswali ya namna hii husahaulika kwa sababu hauuzwi na wakala yeyote. Kwa Tanzania Bara, kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, anatakiwa kujisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango ni asilimia 0.5 ya mishahara, anautoa mwajiri mwenyewe, na haruhusiwi kumkata mfanyakazi. Kwa karakana yenye msumeno wa meza sijui kama kuna ulinzi wa bei nafuu kuliko huo, maana kijana akikatika vidole, Mfuko ndio unaobeba matibabu na fidia. Wale wanaoitwa kazi inapozidi, na wanagenzi kama mnao, nendeni mkaulize ofisi ya WCF namna ya kuwaorodhesha badala ya kudhani kwamba hawahusiki.

Kwa hiyo katika kuhesabu "bima mbili au tatu", hii msiihesabu. Ni ya lazima. Na kama mna gari la biashara, bima ya gari dhidi ya watu wengine, ile tunayoiita bima ndogo, nayo ni ya lazima.

BintiSeremala aliandika:

Nawashukuru sana. Nimeirudia barua ya mkopo na nimekuta ile "bima" ni ya maisha ya mkopaji: kaka akifariki au akipata ulemavu wa kudumu, deni linalipwa. Karakana haijatajwa popote. Naomba niulize tena juu ya makochi ya wateja, na juu ya samani tunazopeleka kwa watu kwa kirikuu ya kukodi, kwa sababu mwezi uliopita kabati la nguo liliangukia barabarani na mteja alitaka jipya. Na mwenye nyumba anasema jengo lake lina bima, hivyo tusihangaike.

Afisa Mikopo wa Zamani alijibu:

Uliyoyakuta kwenye barua ni ya kawaida. Bima ya maisha ya mkopaji inailinda benki isipoteze deni, na kwa kiasi fulani inailinda familia isirithi deni, lakini moto ukiteketeza mbao hizo za mninga huku kaka yako akiwa mzima, deni linabaki vilevile. Mkikata bima ya moto, benki inaweza kutaka itajwe kwenye hati kama yenye haki ya kwanza ya kulipwa. Si jambo baya, ila hakikisheni kwamba haki hiyo inaishia kwenye salio la mkopo, na kinachozidi kinarudi kwenu. Tena benki ikiwaambia inauza bima yenyewe, jueni inafanya kazi kama wakala wa kampuni za bima. Bado mna haki ya kuuliza ni kampuni ipi na kusoma masharti yake.

Makochi ya wateja si mali yenu, kwa hiyo hayaingii kwenye hati yenu mpaka yatajwe kama mali ya watu wengine iliyo chini ya uangalizi wenu. Mara nyingi kuyataja kunaongeza ada kidogo tu. Kwa samani zilizo njiani kuna bima ya mali inayosafirishwa. Bima ndogo ya hiyo kirikuu hailipi mzigo uliobebwa.

Kauli ya mwenye nyumba ichukueni kwa tahadhari. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliyaingiza majengo ya biashara na masoko ya umma katika bima za lazima, lakini bima ya jengo hulipa jengo, wala haimhusu mpangaji na bidhaa zake. Waliopoteza mali kwa moto wa Soko Kuu la Kariakoo Julai 2021 na Karume Januari 2022 walipoteza bidhaa, si kuta. Kuna ubaya zaidi: moto ukianzia kwenye kompresa yenu, kampuni iliyomlipa mwenye nyumba inaweza kuwageukia ninyi kwa madai ya uzembe. Hapo ndipo bima ya dhima kwa watu wengine, yaani inayolipa hasara mliyowasababishia wengine, inapokuwa na kazi, na kwa karakana iliyobanana na nyingine kama zilivyo za Keko, mimi ningeiweka ya pili baada ya moto, mbele ya wizi.

Mtathmini Mstaafu alijibu:

Nakubaliana na mpangilio huo, isipokuwa kwa wizi ningetazama kwanza kama mna mlinzi wa usiku na kama kuna fedha taslimu inayolala fremuni. Kama fedha hailali, wizi usubiri, na ada yake ielekezeni kwenye kufikisha kiasi cha moto milioni 60 kamili pamoja na mali ya wateja.

Tafuteni dalali wa bima mwenye leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Wakala anaiwakilisha kampuni. Dalali anamwakilisha mteja, na anaweza kuwaletea makadirio ya kampuni tatu kwa maelezo yaleyale, jambo ambalo ndilo linalofanya bei zilinganishike. Ulizeni kama ada iliyotajwa imeshajumuisha VAT ya asilimia 18. Bima haianzi mpaka ada ilipwe, na hati mtakayopewa ina namba inayoweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA-MIS, kwa hiyo ihakikini siku hiyohiyo.

Kabla ya yote hayo, pigeni picha kila mashine pamoja na bamba lake la namba, wekeni risiti za mbao, na andikeni daftari la stoo kila mwisho wa mwezi, nakala yake ikae nyumbani. Thamani mtakayoiandika kwenye fomu itoke kwenye daftari hilo.