Kizazi cha Bi Mtumwa (Wete): Jumatano kabla ya akika

06:41 Shangazi Zuwena: Assalaam alaykum nyote. Mtoto wa Hamad leo siku ya tano. Akika Ijumaa baada ya sala, hapa hapa Wete, uani kwa marehemu mama. Mtoto abaki Unguja na mama yake, hatumpandishi boti na kitovu hakijadondoka. Mbuzi nshamuona Mtambwe, mwenyewe anataka laki na themanini. Michango ifike leo. Jina ni Mtumwa.

06:43 Shangazi Zuwena: Jina la bibi yake. Halina mjadala.

07:30 Ami Faki: Mashaallah. Na mbuzi anaitwa nani?

07:31 Shangazi Zuwena: Faki, mie sina mzaha asubuhi hii.

07:31 Ami Faki: Nauliza tu dada. Kwa laki na themanini lazima awe na jina na ukoo wake.

08:05 Shangazi Zuwena: Watu kumi na tisa wamesoma. Kajibu mmoja, na huyo anauliza jina la mbuzi.

08:20 Ustadh Kombo: Waalaykum salaam. Mwenyezi Mungu amkuze kwenye kheri. Wa kike mbuzi mmoja anatosha, wa kiume ndio wawili. Nywele zinyolewe siku ya saba, uzito wake utolewe sadaka ya fedha. Hilo la jina lina maneno kidogo, nikitoka chuoni ntaeleza.

08:21 Shangazi Zuwena: Maneno gani tena Kombo?

08:34 Shangazi Zuwena: Kombo?

09:48 Asiya: Shikamoo Shangazi, pole na pirika. Nasema, kisha mnikate mkono. Hivi Hamad na Nasra wameulizwa? Mie darasani nina watoto sitini na kitu. Rayan ninao wanne, Arham wawili, Makame mmoja, na huyo wenzake wanamuita "mzee". Mtumwa sina hata mmoja. Niliwahi kuwa naye, miaka ile nilipoanza kazi. Kila nikifika kwenye soko la watumwa la Mkunazini, lililofungwa 1873, darasa zima linamgeukia yeye. Nikifika kwenye amri ya 1897 wanampigia makofi, ati kaachiwa huru. Alikuwa anacheka nao. Kisha akaacha kucheka.

09:55 Shangazi Zuwena: Zamani ukiita Mtumwa sokoni Wete wanageuka sita. Hakuna aliyekufa.

09:56 Ami Faki: Na Kijakazi, na Mgeni, na Mchanga. Angezaliwa siku moja mapema tu tungempa Mwanajuma tukamaliza. Kachagua Jumamosi.

10:02 Shangazi Zuwena: Asiya wewe si msomi? Siti binti Saad alipozaliwa Fumba, 1880 huko, aliitwa nani? MTUMWA. Na 1928 akafika Bombay kurikodi, santuri zikauzwa pwani nzima. Jina lilimzuia nini?

10:09 Asiya: Shangazi, na santuri ziliandikwa nani? Siti. Jina alilopewa ukubwani, keshakuja mjini. Siti ni bibi, mwanamke wa heshima. Uliiona wapi santuri ya Mtumwa binti Saad?

10:11 Ami Faki: Mie ninayo moja ya Siti. Imekwaruzika, inaimba neno moja mpaka uiondoe sindano.

10:12 Shangazi Zuwena: Ile ilikuwa ya mama. Na hukuachiwa wewe.

10:12 Ami Faki: Haya, tushafika.

11:02 Raya: *Imetumwa mara nyingi* Kwa wasafiri wa Unguja na Pemba, boti ya leo mchana imeahirishwa kwa sababu ya upepo.

11:04 Ami Faki: Hata boti imesikia jina.

12:58 Ustadh Kombo: Nimetoka chuoni. Majina anayoyapenda zaidi Mwenyezi Mungu ni Abdalla na Abdulrahman, hadithi imo kwa Muslim. Sasa Abdalla kwa Kiswahili ni nini? Mtumwa wa Mungu. Humu kikundini wamo Abdalla watatu na hakuna hata mmoja aliyeona haya. Kwa Kiarabu baraka, kwa Kiswahili aibu? Hapo nasimama na Shangazi.
Lakini Abdalla limemtaja mwenyewe. Mtumwa limenyamaza. Wa nani? Na Mtume s.a.w. alikuwa akiyabadilisha majina yenye maana mbaya. Yupo mwanamke aliyekuwa akiitwa Asiya, akamwita Jamila.

12:59 Asiya: Ngoja. Asiya??

12:59 Ami Faki: 😂😂😂 Kaja kumtetea mtoto wa watu, kanyolewa yeye.

13:00 Asiya: Miaka thelathini na nne naitwa hivi, leo ndo naambiwa.

13:04 Ustadh Kombo: Hapana dada yangu, tulia. Lile ni la 'ain na swad, maana yake muasi. Lako la alif na sin, mke wa Firauni, mwanamke mwema aliyeamini.

13:05 Ami Faki: Mke wa Firauni. Ndo kishafarijiwa huyo.

13:06 Asiya: Jamila si baya lakini.

13:07 Shangazi Zuwena: JAMANI MBUZI. Mpaka sasa Kombo elfu ishirini, Mwanaidi elfu kumi. Basi. Wenye karafuu juani mnajijua, na mie najua ni magunia mangapi.

14:10 Mumtaz: Nimesoma yote. Nilitaka nikae kimya, nimeshindwa. Mtumwa wa mwisho humu ni mimi, mnajua. Nilipohamia skuli ya Unguja mwalimu akisoma mahudhurio alikuwa anasita, ananitazama, kisha ndo anasoma. Kila siku. Nilibadilisha kwa kiapo na pesa yangu mwenyewe. Na aliyesusa harusi yangu kwa sababu kadi imeandikwa Mumtaz yumo humu humu.

14:12 Shangazi Zuwena: Kadi ilikuja siku mbili kabla, kwa mkono wa dereva. Hiyo ndo sababu.

14:12 Mumtaz: Shangazi.

14:13 Shangazi Zuwena: Na mama alilia. Alikaa pale barazani anauliza, "Jina langu limemuwasha nini mjukuu wangu?" Mie nilikuwepo.

14:15 Mumtaz: *Ujumbe huu umefutwa*

14:15 Mumtaz: *Ujumbe huu umefutwa*

14:22 Ami Faki: Jamani, lile sufuria kubwa la khitma lipo kwa nani?

14:22 Shangazi Zuwena: Kwa mkeo. Tangu mwaka juzi.

14:40 *Shangazi Zuwena amemuongeza Nasra*

14:41 Shangazi Zuwena: Karibu mwanangu. Sema usiogope, hapa ni kwenu.

14:43 Asiya: Shangazi! Mtu ana siku tano za uzazi.

15:21 Raya: Babu Shaame kachukua simu yangu. Anasema msikilize mpaka mwisho, hata nyie wa Muscat.

15:26 Raya: 🎤 *Ujumbe wa sauti 3:47*

15:44 Asiya: Naandika kwa wasio na bando. Sikuongeza neno.

"Mnagombania jina na hamjui liliingiaje nyumbani. Mama yetu alizaa watatu kabla ya dada yangu. Wa kwanza alipewa jina zuri, hakufika arubaini. Wa pili vile vile. Wa tatu vile vile. Alipokuja huyu, bibi yetu akasema asiitwe jina la kutamanika. Muiteni Mtumwa, hicho kilichozoea kuingia humu kikisikia kidhani ni wa watu, kipite. Alifungwa kitambaa cha kaniki, na hakusifiwa mbele za watu mpaka alipoota meno. Kaishi miaka themanini na sita. Mie nilizaliwa nyuma yake, nikapewa jina kama watu wengine, hofu ilishapungua.
Mumtaz, hukukosea. Dada alilia, kweli. Alilia kwa sababu hakuwahi kukuhadithia haya, na wewe ulishakwenda kwenye kiapo. Zuwena, ulimuona akilia. Hukumuuliza.
Sasa mtoto wa Hamad mnasema ana afya. Kama ana afya, mnamficha nani?
Na mie nina yangu. Tangu kafa, uani pale sijasikia mtu akiliita jina lile. Jioni nasikiliza, halipo. Basi.
Mtoto ana baba na ana mama. Mie naadhiniwa hapa."

15:46 Ami Faki: Mie nilikuwa sijui.

15:46 Ami Faki: Wallahi sijui hata kidogo.

15:50 Mumtaz: Babu.

16:30 Ustadh Kombo: Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yetu na wale watatu.

16:31 Mwanaidi: Amin

16:31 Abdalla wa Konde: Amin. Nimetuma elfu ishirini.

16:40 Abdalla wa Muscat: Amin. Mie nimemtumia Shangazi elfu arubaini. Nimesikiliza mara mbili.

18:52 Hamad: Assalaam alaykum. Nilikuwa kazini, simu ilizima. Nimemsikia Babu. Tutazungumza na Nasra leo usiku inshaallah.

18:53 Ami Faki: Baba wa mtoto kafufuka.

20:14 Nasra: Shikamooni nyote, ahsanteni kwa dua. Mtoto hajambo, ananyonya vizuri. Babu, ahsante sana. Ila mama yangu huku tangu alasiri anamuita Jamila, sijui kayatoa wapi.

20:15 Asiya: Si mimi.

20:17 Asiya: Nilimpigia kumpa hongera tu.

20:31 Shangazi Zuwena: Jamila wa nani kwetu?

20:38 Nasra: Shangazi, mie na Hamad tulikuwa tushakubaliana kabla hajazaliwa. La cheti liwe jengine, la nyumbani liwe la Bibi. Tulikuwa hatujamwambia mtu. Sasa baada ya maneno ya Babu sijui. Najiuliza nikimuita hivyo ndani mwangu nitakuwa namficha nani, au nitakuwa namuitia Babu uani.

20:40 Shangazi Zuwena: Na hilo la cheti ndo lipi?

20:58 Shangazi Zuwena: Hamad, nakuona umo hewani.

21:05 Shangazi Zuwena: Haya. Zimefika elfu tisiini, nusu bado. Kesho alfajiri nakwenda kulipa, kitakachopungua naweka mie, mtanirejeshea. Jina mkishalijua mniambie kabla ya sala ya Ijumaa, sio baada.

21:09 Shangazi Zuwena: Mumtaz. Ijumaa uje. Usimtume dereva.

21:41 Mumtaz: Boti ya kesho ipo?

21:42 Raya: Wanasema ipo, upepo umetulia.

21:50 Ami Faki: Sufuria nimeliona. Lina tundu.