Mchicha walala na kaskazi hii, nifanyeje?

mama_kitalu, Kisauni: Jamani joto lanimaliza, mchicha namwagilia alfajiri ikifika saa sita ushalala, mfereji nao wiki ya pili mkavu, nanunua maji ya mkokoteni mtungi kwa mtungi, sasa hilo fungu nitaliuza pesa ngapi? Ya kisima nilijaribu, majani yakaungua ncha.

bamia_likoni: Ya kisima yana chumvi dadangu, wachia minazi. Tandaza makumbi ya nazi kwenye mashina, mwagilia jua likishatua. Mie hata maji ya kuoshea mchele simwagi, mume wangu asema nimekuwa bahili.

shamba_dogo: Panda kunde bana, mchicha ngoja masika mwezi wa nne.

mama_kitalu: Makumbi! Na mie nayachoma jikoni kila siku 😅