Naomba ushauri: Dead Space 3 ninunue au niachane nayo?

Wakuu, nimemaliza gemu ya kutisha ya Dead Space ya 2008 na ya pili ya 2011. Utamu wake ulikuwa ule woga: risasi za kubana, korido zenye giza, unakata miguu ya zimwi kwa Plasma Cutter, ile silaha ya kukatia, huku linakufuata. Sasa hii ya tatu ya 2013, naona EA walioitoa na Visceral walioitengeneza waliwafukuzia wapenzi wa gemu za vita: bunduki zote zinatumia risasi aina moja, kuna askari wa kurushiana nao risasi, hadi kucheza wawili. Woga wa watu wawili ni woga gani jamani? Hela ninayo ya gemu moja tu. Mlioicheza, stori inabeba? Au nichukue ile ya kwanza iliyotengenezwa upya 2023? Kompyuta yangu ni ya kuungaunga.