Mjomba kateleza kwenye mdahalo, namba zimeporomoka. Aombe radhi au tusubiri?

Mtu_wa_Gungu: Wakuu, heshima kwenu. Mjomba wangu anagombea udiwani huku Kigoma. Juzi kwenye mdahalo akatamka kwamba kina mama wa mwalo wa Kibirizi ndio wanaoua bei ya dagaa kwa kuanika mchangani. Uwanja mzima uliguna. Mimi ndiye mpiga hesabu wake. Kabla ya mdahalo niliuliza watu 60 sokoni Mwanga, 38 wakasema watampa. Kesho yake nikauliza 60 wa Kibirizi, wakabaki 21. (Nasema maoni ya mtaani, siyo zile kura za maoni za chama, hizo alishapita.) Mjomba halali. Aombe radhi?

Sado_Tupu: Mkuu, umepima migebuka kwa sado la dagaa. Umeanza na watu wa Mwanga, halafu ukawafuata waliotukanwa wenyewe! Rudi Mwanga kwanza, swali lilelile, ndipo utajua kama kashuka.

Mzee_wa_Hesabu: Hata ungewaokota kwa bahati nasibu, watu 60 wanakupa kosa la kama asilimia 13 juu au chini. Ukitaka kosa la 3, tafuta watu 1,000. Halafu usiulize watu wakiwa na hasira. Septemba 2024 Trump alidai kwenye mdahalo kuwa wahamiaji wa Springfield, Ohio, wanakula mbwa. CNN ikawahoji watazamaji, asilimia 63 wakasema mpinzani wake Harris ndiye aliyeshinda mdahalo. Novemba, kwenye uchaguzi wa urais, akashinda Trump. Kumwona mtu kavurunda jukwaani na kumnyima kura ni vitu viwili.

Bint_Ujiji: Babu, shikamoo, ila huo mfano utamponza kijana. Mwaka 1976 Ford, rais wa Marekani, alisema kwenye mdahalo kuwa Wasovieti hawaitawali Ulaya Mashariki, wakati kila mtu aliona wameishika. Usiku uleule watazamaji hawakushtuka sana. Vyombo vya habari viliporudiarudia ndipo maoni yakageuka. Naye akakaa siku kadhaa bila kukiri kosa. Mpinzani wake Carter akamshinda kwenye uchaguzi. Na wewe kijana, kauli ya mjomba wako iko kwenye kila grupu la WhatsApp, mimi mwenyewe nimetumiwa mara tatu. Mama yangu anaanika mchangani. Unadhani anapenda? Chanja ya waya ni hela.

Mtu_wa_Gungu: Nimemsomea mjomba. Kanyamaza, kisha akauliza chanja moja ni shilingi ngapi.

Bint_Ujiji: Aje Kibirizi aulize mwenyewe. Asubuhi, kabla jua halijawa kali.