Kisu cha kukunja cha mafundi wa asili: Laguiole, Nontron, Pattada au Higonokami?

MpendaMakali: Wakuu, nataka kisu kimoja cha kukunja kilichotengenezwa kwa mkono. Si cha kuweka kabatini, nitamenyea machungwa kila siku. Nimebaki na hivyo vinne. Nianze na kipi?

KinooChaBabu: Laguiole kinapendeza, ila ndicho wanunuzi wanachopigiwa zaidi. Hilo ni jina la kijiji huko Aveyron, Ufaransa, na visu vyenye jina hilo vinatoka kila mahali: vizuri tele vinatengenezwa Thiers, vingine China na Pakistan. Jina peke yake halikuambii kitu. Soma jina la karakana kwenye bapa, kisha mtazame nyuki, lile pambo la kwenye springi ya mgongo wa kisu. Kwenye kazi ya juu huwa ni chuma kilekile cha springi kilichofuliwa na kuchongwa. Kwenye vya bei poa huwa kachomelewa tu. Na muuzaji akikwambia nyuki ni zawadi ya Napoleon, cheka. Napoleon alifariki 1821, kabla kisu chenyewe hakijazaliwa.

DadaWaLeicester: Mkuu, unaishi wapi? Huku Uingereza cha kutembea nacho bila maswali ni cha kukunja kisicho na kufuli ya kushikilia bapa likifunguliwa, makali yasiyozidi inchi 3. Nontron, nacho cha Ufaransa, kina pete ya shaba unayoizungusha ili bapa lisijikunje, kwa hiyo changu hakitoki nyumbani. Ila mpini wake wa mti wa manjano, wenye alama zilizochomwa kwa moto, wallahi sijaona mfano.

MpendaMakali: Niko Dar, dada. Pattada je?

KinooChaBabu: Hicho ni cha Sardinia: bapa kama jani la mhadasi, mpini wa pembe la kondoo dume. Kwa fundi mwenyewe unaagiza na kusubiri, na mfuko utauma. Si cha kuanzia.

Mhunzi_Tanga: Mimi nasema Higonokami. Kinatoka Miki, Japani, na ndicho rahisi zaidi kati ya hivyo. Hakina springi wala kufuli: mpini ni bati lililokunjwa, na bapa lina kimkia unachokikandamiza kwa dole gumba wakati wa kukata. Ukikilegeza, kinaweza kukufungia kidole. Vingi ni vya chuma kinachoshika kutu, na kwa machungwa yako kitapata madoa meusi wiki ya kwanza. Kifute papo hapo, hasa kwa unyevu wa Dar.

DadaWaLeicester: Hapo nakupinga, kaka. Mtu wa machungwa kila siku achukue Nontron cha chuma kisichoshika kutu.

MpendaMakali: Dada kashinda. Natafuta Nontron.